"Kidogo tu" ni vipimo vingapi? Namna ya kumuuliza mnywaji na kuongea naye

Fungua mafaili ya wodi yoyote ya majeruhi, utakuta historia ya pombe imeandikwa kwa maneno matatu: "Anakunywa pombe: ndiyo." Maneno hayo hayamsaidii mtu. Daktari wa zamu hawezi kujua kutokana nayo kama mgonjwa wa kitanda cha nne ataanza kutetemeka kesho alfajiri, na mgonjwa mwenyewe hakupata kusikia lolote jipya. Mwongozo huu umeandikwa kwa nesi, tabibu na mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa Moshi, awe mjini, Kibosho, Uru, Marangu au Himo. Sehemu kubwa ni hesabu, kwa sababu hapo ndipo kazi inapoharibikia.

Chombo cha kutumia ni AUDIT, dodoso la Shirika la Afya Duniani la kupima unywaji wa pombe. Lina maswali 10 na alama za juu kabisa ni 40. Lilitengenezwa miaka ya 1980 kutokana na utafiti wa nchi sita, Kenya ikiwa mojawapo. Kwa Kiswahili, watafiti wa KCMC, hospitali ya rufaa ya hapa Moshi, wamelitafsiri na kulijaribu kwa majeruhi waliofika idara ya dharura, kwa hiyo usijitungie tafsiri yako pale mezani. Tatizo haliko kwenye tafsiri. Swali la pili linauliza mtu hunywa "vinywaji" vingapi kwa siku anayokunywa, na kinywaji kimoja humo, ambacho hapa tunakiita kipimo, ni gramu 10 za alkoholi. Kwenye kilabu cha mbege, pombe ya ndizi na ulezi, hakuna anayeuza gramu 10.

Kubadili chombo kuwa kipimo

Chukua mililita, zidisha kwa asilimia ya kilevi, gawa kwa 100, zidisha kwa 0.79 (mililita moja ya alkoholi ina uzito wa gramu 0.79), kisha gawa kwa 10. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 inatoa gramu karibu 20, yaani vipimo viwili. Wengi wanahesabu chupa moja kama kipimo kimoja, na hapo nusu ya pombe imeshapotea kwenye karatasi. Pombe kali ya asilimia 35, ile chupa ndogo ya mililita 200, ni vipimo vitano na nusu. Tangu viroba, pombe kali ya vifuko vya plastiki, vipigwe marufuku Machi 2017, chupa hiyo ndiyo imechukua nafasi yake mfukoni, na mtu atakwambia bila kusita kwamba alikunywa "kimoja".

Mbege ni ngumu zaidi kwa sababu haina lebo. Nguvu yake inategemea ndizi, kiasi cha kimea cha ulezi na muda iliokaa: iliyoanza kuchacha ina kilevi zaidi kuliko ya asubuhi iliyochanganywa. Ukikosa namna ya kujua, tumia asilimia 4, na lita moja itakuwa vipimo vitatu na kidogo. Dengelua, pombe ya miwa, ihesabu hivyohivyo. Gongo usiikadirie kwa asilimia. Andika mililita na neno "gongo", kwa sababu nguvu yake hubadilika kutoka mtungi hadi mtungi.

Uliza chombo, usiulize idadi. Mazungumzo yaende hivi:

– Shikamoo baba.
– Marahaba.
– Baba, jana jioni ulipata mbege?
– Kidogo tu.
– Ulinywea kibuyu au kikombe cha plastiki?
– Ile ya plastiki, ya lita.
– Ulijaziwa mara ngapi?
– Mara mbili. Ya tatu tuligawana na shemeji.
– Na juzi?
– Kama hivyohivyo. Jioni ni jioni.

Lita mbili na nusu kwa asilimia 4 ni gramu 79, yaani vipimo vinane. Angalia sasa alama. Kama ungeandika "vikombe viwili", swali la kwanza lingempa 4 kwa kunywa kila siku, la pili 0, na la tatu, linalouliza ni mara ngapi anafikisha vipimo sita au zaidi, 0. Jumla 4, mtu hana shida. Kwa hesabu sahihi la kwanza ni 4, la pili 3, la tatu 4. Jumla 11, na bado maswali saba. Mgonjwa ni yuleyule, aliyekosea ni aliyeshika kalamu.

Maswali yanayobaki uyasome kama yalivyo, ila la sita linahitaji lugha ya mtaani. Linauliza kama mtu hunywa asubuhi ili apate nguvu baada ya kulewa jana. Uliza kama anazimua, au anatoa loki. Kila mtu atakuelewa. Swali la nane, la kutokumbuka yaliyotokea usiku, usilicheke hata mgonjwa akicheka. Maswali mawili ya mwisho yana majibu matatu tu, alama 0, 2 au 4, na makosa mengi ya kujumlisha hutokea hapo.

Muulize akiwa peke yake. Mke akiwa pembeni, lita mbili na nusu zinakuwa nusu lita. Mzee wa kanisa akiwa pembeni, haonji kabisa. Na kama amelewa wakati huo, subiri. Majibu ya mlevi hayaaminiki, na yeye hatayakumbuka.

Alama zinasemaje

Chini ya 8, mweleze kwa kifupi na mwachie. Kati ya 8 na 15 anakunywa kwa kiwango cha kumletea madhara. Kati ya 16 na 19 anahitaji mazungumzo na ufuatiliaji. 20 na kuendelea, mchunguze kwa utegemezi wa pombe. Kwa wanawake, wahudumu wengi hushusha mpaka wa chini hadi 7, na kwa mjamzito hakuna kiwango cha kumwambia ni salama. Alama si hukumu: mtu wa alama 14 anayezimua kila asubuhi nakutaka umwogope kuliko wa alama 18 anayelewa sana Jumamosi tu.

Mazungumzo ya dakika 20

Idara ya dharura ya KCMC imekuwa ikifanyia utafiti mazungumzo mafupi yanayoendeshwa na manesi, yaliyopewa jina Punguza Pombe Kwa Afya Yako, yakifuatiwa na ujumbe mfupi wa simu. Mzizi wake ni mbinu iliyotengenezwa kwa ajili ya idara za dharura za Marekani, ikarekebishwa iendane na hapa. Mwendo wake hauhitaji shahada ya saikolojia. Unahitaji kujizuia kuhubiri, jambo ambalo kwa wengi wetu ni gumu kuliko shahada.

Anza kwa kuomba ruhusa: "Baba, naomba tuongee kidogo kuhusu pombe, sawa?" Akikataa, acha, mwambie mlango uko wazi. Akikubali, mpe hesabu yake: vipimo vinane kila jioni, alama 17 baada ya maswali yote kumi, na uiunganishe na kilichomleta, mguu uliovunjika kwenye bodaboda au tumbo linalowaka. Kisha nyamaza. Muda huo wa kimya ndio wahudumu wengi huujaza kwa mawaidha, na mgonjwa anaanza kuitikia "ndiyo sista, ndiyo sista" ili aondoke.

Halafu mwombe ajipime kutoka 0 hadi 10, yuko tayari kiasi gani kupunguza. Akisema 4, muulize: "Mbona hukusema 1?" Swali linaonekana limekaa kinyume, lakini ukiuliza "mbona si 10" atakutajia vizuizi vyote, atajisikia akivitetea, na atatoka navyo. Ukiuliza kuhusu 1, lazima akutajie sababu zake mwenyewe za kupunguza: ada ya mtoto, mama mkwe, mguu. Hizo ziandike kwa maneno yake. Utazihitaji kwenye simu baadaye.

Makubaliano yawe na namba na siku. "Nitapunguza" haifuatiliki. "Kikombe kimoja cha lita, siku tatu kwa wiki, Jumapili hapana" inafuatilika. Muulize atafanyaje zamu yake ya kununua ikifika, maana kwenye kilabu mtu hanywi kiasi chake, anakunywa zamu za meza nzima. Wengine huamua kununua zamu yao kisha kuagiza soda. Wengine hupita barabara nyingine kurudi nyumbani, au huacha nyumbani simu yenye pesa. Achague mwenyewe, mpango uliotolewa na nesi unaisha getini.

Nani asiambiwe "acha leo"

Hapa ndipo ushauri mzuri unaweza kuua. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu, hasa anayezimua asubuhi au aliyewahi kuanguka kifafa alipokosa pombe, mwili wake umeizoea. Ikikatika ghafla, ubongo unabaki umesisimka bila kitu cha kuutuliza.

Chukua majeruhi aliyekunywa mara ya mwisho Jumamosi saa 3 usiku. Jumapili asubuhi mikono inatetemeka, jasho linamtoka, moyo unakwenda mbio, hataki chai. Kati ya Jumapili alfajiri na Jumatatu usiku anaweza kuanguka kifafa. Kuanzia Jumatatu usiku hadi Jumatano anaweza kuchanganyikiwa, kuona wadudu ukutani na kung'oa dripu. Ndugu watasema amerogwa, na wodi itamfunga kitandani. Kumbe saa zilikuwa zinahesabika tangu Jumamosi, kama kuna mtu angeandika muda wa kinywaji cha mwisho.

Fomu ya CIWA-Ar yenye vipengele 10 inapima ukali wa hali hiyo kwa dakika tano. Dawa ni diazepam. Mwongozo wa mhGAP, wa Shirika la Afya Duniani kuhusu afya ya akili na ulevi, unaruhusu miligramu 10 hadi 20 kwa mdomo, hadi mara nne kwa siku, kwa siku 3 hadi 7, ukishusha taratibu. Mfano wa kushusha: 10 mara nne siku ya kwanza, mara tatu ya pili, mara mbili ya tatu, usiku tu siku ya nne. Mzee au mwenye ini bovu punguza dozi na angalia upumuaji kabla ya kila dozi. Usichome diazepam kwenye msuli, inafyonzwa bila mpangilio. Usikimbilie chlorpromazine, dawa ya kutuliza wagonjwa wa akili, kwa sababu tu anapiga kelele, maana inarahisisha kifafa kutokea.

Thiamine (vitamini B1) aipate kabla ya dripu ya sukari. Mwili unapochoma sukari hutumia thiamine iliyobaki, na kwa mnywaji asiyekula vizuri ikiisha hupata macho yasiyotulia, kuyumba na kuchanganyikiwa ambako kunaweza kubaki maisha. Kama sukari yake imeshuka, mpe vyote kwa pamoja, usicheleweshe sukari ukitafuta thiamine.

Na kabla ya kusema "ni pombe", pima sukari, pima malaria, kagua kichwa. Mlevi naye huvuja damu kwenye ubongo.

Kuacha akiwa nyumbani hakumfai aliyewahi kuanguka kifafa, anayeishi peke yake, mjamzito au mwenye homa. Hao wapelekwe hospitali ya Mawenzi au KCMC wakiwa bado wanakunywa, wasiambiwe waache kwanza ndipo waende.

Baada ya hapo

Wengi hulia na kukosa usingizi wiki za kwanza. Pima sonona tena baada ya wiki mbili hadi nne bila pombe, kwa sababu kwa baadhi yao huzuni huondoka na pombe. Swali la kujiua halisubiri wiki hizo. Uliza siku ya kwanza.

Ujumbe wa simu uwe mfupi na wa maneno yake, usitaje pombe, maana simu inashikwa na watoto pia: "Habari za jioni baba. Tunakumbuka ada ya Januari. Mguu unaendeleaje?" Piga wiki ya pili.

Faili lisomeke hivi: "Mbege lita 2.5 kila jioni, vipimo 8. Mara ya mwisho Jumamosi saa 3 usiku. AUDIT 17. Hazimui, hajawahi kifafa. Utayari 4/10, sababu: ada, mguu. Makubaliano: lita 1, siku 3 kwa wiki. Simu baada ya wiki 2."