Kutoka Tanga Kwenda Kusoma Ughaibuni: Mwongozo wa Kuomba na Kuishi Katika Programu ya Kimataifa

Kila mwaka mvua za vuli zikikaribia, nyumbani kwetu Chumbageni hubishwa hodi na kijana mmoja au wawili waliohitimu chuo, bahasha ya kaki mkononi, wakitaka kujua namna ya kupata nafasi ya kusoma nje ya nchi. Mimi nilisoma shahada ya pili Ujerumani, katika programu ya kimataifa iliyojaa kozi za mawasiliano baina ya tamaduni, na kila anayekuja humwambia kwamba kozi ya kwanza ya aina hiyo haimsubiri darasani. Kozi hiyo ni fomu ya maombi yenyewe, kwa sababu atakayeisoma hajui jina la babu yako linafanya nini katika cheti chako, hajui GPA ya 3.8 ni kubwa au ndogo, na mara nyingi hatapata nafasi ya kukuuliza, hivyo inakubidi umjibu kabla hajauliza. Haya ninayoyaandika yanahusu zaidi shahada ya pili na zaidi Ujerumani, nchi ninayoifahamu, ingawa sehemu yake kubwa itamfaa hata anayekwenda kwingine.

Hesabu miezi kumi na minane kurudi nyuma kutoka siku unayotaka kukaa darasani. Muhula wa baridi katika vyuo vikuu vya Ujerumani huanza Oktoba, na tarehe iliyozoeleka ya kufunga maombi ni 15 Julai, lakini programu nyingi za kimataifa hufunga miezi kadhaa kabla ya hapo ili wageni wapate muda wa kushughulikia viza. Anayelenga Erasmus Mundus, mpango wa Umoja wa Ulaya ulioanza mwaka 2004 na unaompitisha mwanafunzi katika vyuo vya nchi zaidi ya moja, ajue kwamba programu zake nyingi hupokea maombi kati ya Oktoba na Januari kwa mwaka wa masomo unaofuata, na kwamba anayepata ufadhili huo hupewa euro 1,400 kwa mwezi. Kwa Ujerumani peke yake, pa kuanzia ni kanzidata ya DAAD, taasisi ya mabadilishano ya kitaaluma iliyoanzishwa mwaka 1925, ambako unaweza kuchuja programu zinazofundishwa kwa Kiingereza.

Hapo usivutwe na jina la programu. Zipo zinazojiita za kitamaduni kuanzia kichwa hadi miguu ilhali ndani yake mna kozi moja tu ya utamaduni, tena ya hiari. Fungua orodha ya kozi na uhesabu krediti. Katika mfumo wa Ulaya mwaka mmoja una krediti 60, na kila krediti ni saa 25 hadi 30 za kazi, kwa hiyo kozi ya krediti tano inaweza kufikia saa 150 hata kama darasani mnakutana mara moja tu kwa wiki. Saa zilizobaki ni za kusoma na kuandika peke yako, jambo ambalo wengi wetu hulijua tumeshachelewa.

Majina na alama

Katika suala la majina, pasipoti ndiyo imamu na karatasi nyingine zote ni maamuma. Kwetu mtu ana jina lake, la baba na la babu, na hakuna anayehangaika herufi moja ikipungua. Cheti changu cha kuzaliwa kilimwandika babu yangu Muhidini, cha kidato cha nne kikamwandika Mohidin, na cha chuo Muhiddin. Jirani yangu yeyote angesoma zote tatu akaona mzee mmoja, lakini afisa wa udahili wa chuo kimoja aliona watu watatu, akanirudishia maombi zikiwa zimebaki siku nne dirisha lifungwe. Mwaka ule ulipotea. Kwa hiyo, kabla ya kuomba pasipoti, ambayo ada yake ni shilingi 150,000, tandika vyeti vyako vyote mkekani na usome majina herufi kwa herufi. Palipo na tofauti, irudie ofisi iliyotoa cheti, RITA kwa cheti cha kuzaliwa au chuo kwa cheti cha chuo, na panaposhindikana kusahihishwa, pata hati ya kiapo kwa wakili inayoeleza kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja.

Liko na jambo la pili ambalo halimpitii mtu akilini mpaka limkute. Ikiwa baba yako ndiye atakayekudhamini, jina lake la mwisho halifanani na lako, kwa kuwa lako ni la babu yako na lake ni la baba wa babu yako. Mzungu akiliona hilo anaweza kudhani mdhamini ni mtu baki. Ambatisha cheti cha kuzaliwa, na uandike sentensi mbili za kueleza namna majina yanavyorithiwa kwetu. Barua au cheti chochote kilichoandikwa kwa Kiswahili kipelekwe kutafsiriwa rasmi, na BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa, hutoa huduma hiyo.

Alama nazo zinahitaji mkalimani. Kwetu GPA ya 5.0 ndiyo kilele, ilhali Ujerumani 1.0 ndiyo bora, 4.0 ni pasi ya mwisho, na 5.0 ni kufeli. Vyuo vingi hubadilisha kwa kanuni iitwayo ya Bavaria: chukua alama ya juu kabisa ya mfumo wako, toa alama yako, gawanya kwa tofauti iliyopo kati ya alama ya juu na alama ya chini ya kufaulu, zidisha kwa tatu, kisha ongeza moja. Mwenye GPA ya 3.8, ambayo kwetu ni daraja la pili la juu, atatoa 3.8 katika 5.0 apate 1.2, agawanye kwa 3 kwa kuwa pasi yetu ya chini ni 2.0, apate 0.4, na hatimaye afikie 2.2. Programu nyingi zinataka 2.5 au pungufu ya hapo, kwa hiyo fanya hesabu hii kabla ya kuamua uombe wapi. Hakikisha pia transkripti yako ina ukurasa unaoeleza madaraja ya alama, na kama haina, iombe ofisi ya msajili ikuandikie.

Barua ya maombi

Kijana mmoja aliniletea barua iliyoanza kwa kusema kwamba tangu utotoni amependa tamaduni mbalimbali. Nilimuuliza jioni zake huzipitishia wapi, akasema kwenye duka la mjomba wake, Ngamiani, katika zile barabara zetu zinazoitwa kwa namba. Nikamtaka anieleze mjomba huuzaje. Akasema mjomba hamwambii mzee yeyote kwamba kitu hakipo. Husema, "Labda kesho, mzee wangu," na mzee huelewa kwamba hakipo na hakitakuwepo, lakini akija mtoto mdogo kuulizia kitu hicho hicho, mjomba hujibu "hakuna" bila kuinua kichwa. Basi hiyo ndiyo ikawa barua. Aliandika juu ya "hapana" mbili za duka moja, akauliza mgeni atazitofautishaje, na akaonyesha kozi zipi katika programu ile zingemsaidia kulichunguza swali hilo. Kamati ya udahili husoma barua nyingi za watu wanaopenda tamaduni, na ni wachache mno wanaoleta duka.

Barua za wahadhiri wanaokupendekeza zitoke kwenye anwani ya barua pepe ya chuo, si ya binafsi, na uwaombe mapema huku ukiwapa nakala ya barua yako ili maelezo yao yasigongane na yako. Cheti cha IELTS, mtihani wa kupima Kiingereza, hudumu miaka miwili tu, kwa hiyo usiufanye mtihani huo mapema kupita kiasi. Baadhi ya vyuo hukubali badala yake barua ya chuo chako inayothibitisha kwamba ulifundishwa kwa Kiingereza, nayo haigharimu kitu.

Fedha, viza na saa

Vyuo vya serikali Ujerumani kwa sehemu kubwa havitozi ada, isipokuwa hasa katika jimbo la Baden-Württemberg, ambako tangu mwaka 2017 wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya hulipa euro 1,500 kwa muhula. Mzigo mkubwa ni uthibitisho wa fedha za kujikimu. Asiye na ufadhili hutakiwa kuweka fedha za mwaka mzima katika akaunti maalumu, kiasi ambacho tangu Septemba 2024 ni euro 11,904, nawe huruhusiwa kutoa euro 992 tu kila mwezi. Nasema bila kupepesa macho kwamba familia nyingi za Tanga haziwezi kiasi hicho, na kuuza shamba la urithi kwa ajili yake ni kamari. Omba ufadhili kwanza, hata kama itakubidi usubiri mwaka. Sheria inamruhusu mwanafunzi kufanya kazi siku 140 nzima kwa mwaka, lakini hesabu hiyo ni ya nyongeza, si ya kuishi. Viza huombwa ubalozini Dar es Salaam kwa euro 75, na ukifika una wiki mbili za kuandikisha anwani unayoishi.

Usaili wa mtandaoni umewaponza wengi kwa sababu ya saa. Ukiandikiwa saa 10:00 ya Ujerumani mwezi Januari, kwetu ni saa sita mchana, kwa kuwa wao wako nyuma yetu kwa saa mbili. Mwezi Julai ni saa tano asubuhi, kwa kuwa wao husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Andika ukutani kwa mtindo wa kwetu na wa kwao, vyote viwili. Ukishafika utakuta ratiba yenye herufi c.t. baada ya saa, maana yake kipindi huanza robo saa baadaye, kwa hiyo 14 c.t. ni saa nane na robo mchana. Palipoandikwa s.t., ni saa ile ile kamili. Tunaosifiwa kwa kuchelewa tulicheka sana kuona Wajerumani wameuwekea ucheleweshaji kanuni ya Kilatini.

Darasani

Semina ni mazungumzo, na katika programu nyingi ukimya hausomeki kuwa ni adabu bali kwamba hukusoma. Nililelewa nisimkatize mkubwa, nami wiki mbili za mwanzo nilikaa nikisubiri nipewe nafasi ambayo hakuna aliyekuwa na mpango wa kunipa. Dawa yake ni ya kawaida tu: nenda na swali moja lililoandikwa kwenye daftari, na ulisome ndani ya dakika ishirini za kwanza, kabla moyo haujaanza kwenda mbio. Jiandae pia kusikia mwenzako akisema mbele ya wote kwamba hoja yako haina ushahidi, kisha atoke akualike kahawa. Hakukuvunjia heshima, hoja ndiyo iliyopigwa, wewe hukuguswa. Edward Hall, mwanaanthropolojia wa Marekani, alitofautisha jamii zinazoacha mengi yasemwe na mazingira na zile zinazoyaweka yote katika maneno, na anayemjua mjomba wa Ngamiani hahitaji kuelezwa nadharia hiyo mara mbili.

Utakutana vilevile na kazi za Geert Hofstede, Mholanzi aliyepima tamaduni kwa namba kutokana na dodoso za wafanyakazi wa IBM. Katika majedwali yake ya mwanzo Tanzania haikusimama peke yake: iliunganishwa na Kenya, Ethiopia na Zambia, zikaitwa Afrika Mashariki. Siku jedwali hilo lilipoonyeshwa darasani, wenzangu walinigeukia kana kwamba mimi ndiye ule mstari. Nilinyanyua mkono nikauliza ni nani kati ya hao wafanyakazi wa ofisi aliyewasemea wavuvi wa Pangani, na nini kinachomfanya Mhabeshi na Mdigo wawe na wastani mmoja. Mjadala ulikwenda hadi mwisho wa kipindi, na mada ya insha yangu ya muhula ilitoka humo. Kwa hiyo usiogope kuzihoji nadharia unazofundishwa, mradi uwe umezisoma.

Soma na historia ya kwenu kabla ya kuondoka, kwa maana utaulizwa. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta mkonge katika eneo letu, na mwaka huo huo ujenzi wa reli ulianzia Tanga. Wanafunzi wengi wa Kijerumani niliosoma nao hawakuwa wamewahi kusikia lolote kati ya hayo. Katika kazi za kikundi, methali ya mgeni siku mbili na ya tatu mpe jembe inafanya kazi hata huko: usisubiri kupangiwa, chagua sehemu yako katika kikao cha kwanza na utaje tarehe utakayoimaliza. Ukilemewa na upweke, ulizia idara za lugha za Kiafrika. Kiswahili hufundishwa Bayreuth, Hamburg na Leipzig, na katika barabara zenye theluji ni nafuu kubwa kusikia mtu akikuamkia, hata kama "shikamoo" anampa mwanafunzi mwenzake wa rika moja.

Kabla ya kufunga mizigo kurudi, omba ofisi ya chuo ikupe maelezo ya kila kozi uliyosoma, yenye muhuri na kwa Kiingereza, pamoja na transkripti mbili halisi. Mwajiri wa hapa atataka shahada yako iwe imetambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu, na kuzifuatilia karatasi hizo kutoka Tanga kwa barua pepe kulinichukua miezi mitano.