Kabati la droo chumbani: kwa Dodoma, chukua rangi ya mchanga

Ndugu zangu mnaopanga vyumba hapa Dodoma, kabla hujalipia kabati la droo, fikiria vumbi. Kuanzia Mei hadi Novemba mvua ni kama hakuna, upepo unavuma, na hata ukifunga madirisha vumbi linapita tu. Kabati jeusi, au la kahawia iliyokolea, utalifuta asubuhi na jioni litaonekana kama halijaguswa mwaka mzima. Jeupe pee nalo lina shida yake: udongo wetu una wekundu, na alama za vidole zinabaki pembeni mwa vishikio. Rangi ya mchanga, krimu iliyofifia au kijivu chepesi ndizo zinazostahimili, na zinakubaliana na pazia au shuka lolote utakalobadilisha baadaye.

Usichague rangi dukani chini ya taa nyeupe. Mwombe fundi akupakie kwenye kipande cha mbao, ukiegemeze kwenye ukuta wa chumba chenyewe, ukiangalie mchana, kisha usiku taa ikiwaka. Kuna kijivu ambacho usiku hugeuka bluu kabisa, na hapo pesa imeshatoka.

Kama unachongesha, hakikisha mbao zimekauka sawasawa. Hewa ya hapa ni kavu. Mbao mbichi husinyaa, droo zikalegea na rangi ikapasuka kwenye maungio. Ukipata mninga mzuri, mimi ningeuacha na rangi yake, upigwe vanishi isiyong'aa tu.