Mashine ya kupiga makasia Mbeya: hesabu kwanza, hela baadaye

Nafundisha mazoezi ya mashine ya kupiga makasia, ile unayokaa ukavuta kama uko kwenye mtumbwi, na swali hunijia hivi: "Kocha, kuna mashine ya makasia nimeiona mtandaoni, laki nne na nusu, nichukue?" Sijibu. Namtuma kwanza akapime chumba.

Hatua ya 1: Futi kamba

Mashine ya upepo (unavuta cheni inayozungusha feni) inayotumika sana mashindanoni, RowErg ya kampuni ya Concept2 ya Marekani, ina urefu wa sentimita 244. Chumba cha kumi kwa kumi kina kama sentimita 305. Itaingia, ila kitanda kitafute kwao. Afadhali hutenganishwa vipande viwili bila spana, ukasimamisha kila kimoja pembeni. Na kama umepanga, mfikirie jirani: saa kumi na moja alfajiri feni ya mashine hiyo inavuma kweli.

Hatua ya 2: Jua uzito wa kuvuta unatoka wapi

Zile za laki nne mara nyingi ni za pistoni, mfano wa shokapu za pikipiki. Oili ya ndani ikipata moto, mvuto unalegea katikati ya zoezi. Sili ikichoka, oili inaishia sakafuni. Mimi simshauri mtu azinunue.

Za sumaku ni kimya, zinafaa nyumba ya kupanga, lakini uliza kama skrini na sumaku zinategemea umeme wa ukutani. Unajua umeme wetu. Za maji zina mlio mtamu wa tangi, unatia kidonge cha kusafishia maji mara mojamoja. Tangi likipasuka, utaagiza mbali.

Za upepo ndizo ninazofundishia. Ukivuta kwa nguvu inakuwa nzito, ukivuta taratibu inakuwa nyepesi. Haitaki soketi: skrini ya RowErg inatumia betri mbili kubwa kama za tochi, na unapovuta, feni yenyewe inaipa skrini umeme.

Hatua ya 3: Andika gharama zote, siyo bei

Hapa ndipo watu wanapoumia. Kwao Marekani RowErg ni karibu dola 1,000. Mtu anazidisha kwa bei ya dola ya siku hiyo, anafurahi. Ongeza usafiri na bima hadi Dar. Ushuru wa forodha unapigwa juu ya jumla hiyo, siyo juu ya bei ya dukani. Kisha VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya vyote, ushuru ukiwemo. Mwambie wakala wa forodha akuandikie makadirio kabla hujatuma hata senti.

Halafu kuna barabara: Dar hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, Kitonga ikiwemo. Mashine yangu ya kwanza niliipakia kwenye buti la basi bila boksi, ikalaliwa na magunia. Ilifika reli imepinda, kiti kinagonga kila nikirudi mbele. Nilichookoa kwenye nauli nilikilipa mara tatu. Lipia boksi, na ukifika stendi kodi kirikuu, siyo bodaboda.

Sasa gawanya. Tuseme kila kitu kimefika shilingi 4,000,000, na jimu ya mtaani kwenu ni 50,000 kwa mwezi. Hiyo ni miezi 80, miaka sita na ushee. Mkiwa wanne nyumbani mnaovuta kweli, ni miezi 20. Kama uko peke yako na unajijua ni mtu wa Jumamosi tu, lipa jimu.

Hatua ya 4: Ukinunua iliyotumika

Usikubali picha. Vuta cheni polepole hadi mwisho, ukisikiliza kwa vidole: pingili iliyokufa kwa kutu utaiona inakataa kunyooka. Achia kidogokidogo, cheni ikining'inia badala ya kurudi, mpira wa ndani umechoka. Futa reli kwa kitambaa, pitisha kucha. Mifereji ikiwepo, magurudumu ya kiti yameshaila. Mwisho kaa uvute mita 500 mbele ya muuzaji, hata akikunja uso. Na fundi akikwambia cheni ya baiskeli itaingia, shukuru uondoke.

Hatua ya 5: Irekebishe kwa hewa ya huku

Nimepigiwa simu na mtu aliyejaribu mashine Dar, akaifikisha Mbeya, akadhani ameuziwa mbovu: "Kocha, imekuwa nyepesi!" Haikuharibika. Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 15. Feni inakutana na hewa kidogo.

Pembeni mwa feni kuna kishikizo cha namba 1 hadi 10. Wengi, hasa vijana, wanakipeleka 10 kama vile ni cheo. Kazi yake ni kuruhusu hewa nyingi au chache tu. Usiangalie namba hiyo. Fungua kwenye skrini kipimo cha ukinzani (drag factor), yaani hewa inaizuia feni kiasi gani, vuta mara kadhaa, sogeza kishikizo mpaka kisome 110 hadi 120. Hapo ndipo ninapowaanzishia wageni wote. Skrini huhesabu kasi yako kwa kutumia kipimo hicho, kwa hiyo mita zako na za mtu wa Dar zinalingana. Mapafu ndiyo hayalingani: oksijeni ya huku ni haba, na mita 2,000 zitakuchukua muda mrefu zaidi. Usiilaumu mashine.

Kuvuta kwenyewe: miguu isukume kwanza, mgongo ufuate, mikono imalizie; kurudi, kinyume chake. Mivuto 20 hivi kwa dakika inatosha. Aliyezoea kafi za mitumbwi ya Matema, Ziwa Nyasa, atataka kuanza na mikono. Mkatalie.

Hatua ya 6: Matunzo

Futa reli kila ukimaliza. Kila baada ya saa 50 za kuvuta, tia matone ya oili nyepesi kwenye kitambaa, pitisha kwenye cheni yote, kisha futa inayobaki. Kiangazi, vumbi letu linapoingia kila mahali, angalia tena kile kipimo cha ukinzani: kishikizo kikiwa palepale na namba inazidi kushuka, fungua kifuniko cha feni ulitoe vumbi.