Pampu ya choo cha yoti ikigoma: isikilize kabla ya kuifungua

Asalamu aleikum mabaharia wenzangu.

Juzi niliitwa Mtwapa, kaskazini mwa Mombasa, kwenye yoti moja ambayo pampu yake ya maji taka ilikuwa imegoma. Mwenye chombo alikuwa ameshanunua mpya, iko mezani ndani ya boksi lake, na bisibisi mkononi tayari kung'oa ile ya zamani. Bahati nzuri tangi lilikuwa limeshanyonywa na gari la maji taka pale gatini, likatiwa maji safi ya kujaribia. Nikamwomba afungue kifuniko cha tangi kule juu sitahani, kisha abonyeze swichi. Pampu ile ile ikanguruma, ikasukuma maji mpaka tone la mwisho. Nyigu walikuwa wamejenga kiota cha udongo ndani ya bomba la pumzi la tangi. Hewa haiingii, na pampu haiwezi kuvuta kutoka kwenye tangi lisilopumua. Waya mgumu na nusu saa ya kuchokoa, kazi ikaisha.

Kisa hiki si cha ajabu. Mara nyingi ninapoitwa, ugonjwa uko kwenye waya, kwenye bomba la pumzi, kwenye mpira wa kupitishia maji au kwenye koki, na pampu yenyewe ni nzima. Kwa hivyo tunaanza na masikio, mikono baadaye.

Pampu ninayoizungumzia ni ile ya umeme ya kusaga, ya volti 12. Mbele ina visu vya kukatakata kinachopita. Nyuma ya visu kuna impela, yaani kigurudumu cha mpira chenye mapezi kinachovuta na kusukuma. Nyingi za aina hii hutoa kama lita 40 kwa dakika, kwa hivyo tangi la lita 80 humalizika kwa dakika mbili hivi. Shika hesabu hiyo ya tangi lako, maana ndiyo itakayokuambia lini uzime. Wenye pampu za mkono nimewajibu kule chini kwenye maswali.

Hatua ya 1: Jikinge, ufunge koki

Vaa glavu na miwani. Fungua madirisha na milango yote ya chombo. Ile harufu ya yai viza ni gesi ya sumu, na ubaya wake ni kwamba ikizidi huzima pua, ukadhani imekwisha kumbe ndiyo imejaa. Mtu asiingize kichwa ndani ya tangi kwa sababu yoyote ile.

Toa fyuzi. Kisha funga koki ya kutolea maji, ile iliyo kwenye tumbo la chombo, na uhakikishe kwa mkono kwamba imefunga. Tundu lake kwa kawaida liko chini ya maji, na ukichomoa mpira koki ikiwa wazi, bahari itaingia kwenye ngama, yaani chini kabisa ndani ya chombo, kwa kasi kuliko unavyoweza kuyachota maji. Mkumbuke pia kuifungua kabla ya kuwasha tena. Pampu ikisukuma dhidi ya koki iliyofungwa, mpira huchomoka, na kinachomwagika humwagika ndani.

Hatua ya 2: Sikiliza

Tangi likiwa limenyonywa na kutiwa maji safi ya kujaribia, kama lile la Mtwapa, rudisha fyuzi, fungua koki, mtu mmoja akae swichini na wewe uweke sikio karibu na pampu. Hapa ndipo penye somo lenyewe, msiparuke.

Ikiwa kimya kabisa, huo ni umeme. Chukua mita, pima kwenye nyaya pale zinapoingia kwenye pampu huku mwenzako akibonyeza swichi. Usipime swichi ikiwa imezimwa wala usiridhike na kipimo cha betrini peke yake. Betri ikisoma 12.6 na pampuni kukafika 10.5, umeme unapotea njiani. Fuata waya kiungo kwa kiungo. Hewa yetu ya chumvi huigeuza shaba ikawa kijani hata ndani ya ganda lake. Kata mpaka ufikie shaba inayong'aa, bana kiungo upya, kikinge na unyevu. Ukipata nafasi ya kubadilisha, weka waya wa shaba iliyopakwa bati, huo ndio unaostahimili bahari. Volti zikifika zote na bado kimya, basi tazama brashi za mota, vile vipande vya kaboni vinavyoupitisha umeme kwenye sehemu inayozunguka.

Ikiunguruma kwa kukwama kisha fyuzi ikaungua, impela imenata au visu vimekabwa. Chombo kilichofungwa gatini msimu mzima wa kusi bila kuguswa hufanya hivi. Toa fyuzi kwanza. Pampu nyingi zina mfereji wa bisibisi kwenye ncha ya ekseli nyuma ya mota, chini ya kizibo kidogo. Zungusha kwa mkono taratibu, huku na huku, mpaka iwe laini, halafu ujaribu tena. Usiigonge kwa nyundo. Na usibadilishe fyuzi kwa iliyo kubwa zaidi, hata kama ndiyo pekee uliyo nayo. Fyuzi inalinda waya, na waya ukishika moto katikati ya bahari hakuna pa kukimbilia.

Ikizunguka kwa sauti nyepesi, ya juu, na hakuna kinachotoka, inavuta hewa au mapezi ya impela yamekatika. Zima papo hapo. Mpira wa impela unapoozwa na kulainishwa na maji yanayopita. Bila maji huungua kwa muda mfupi mno. Angalia klipu zinazobana mpira upande wa kuvutia kabla ya kulaumu impela.

Ikizunguka kwa sauti nzito kama mtu aliyebeba gunia, kuna kizuizi. Fungua kifuniko cha sitahani pole pole, ukiwa umegeuza uso, maana tangi lililoziba pumzi huweza kurusha. Sauti ikabadilika kuwa njema, ni bomba la pumzi, kama yule wa Mtwapa. Isipobadilika, ni koki iliyofunguka nusu, au ukoga mgumu ndani ya mpira.

Hatua ya 3: Ukilazimika kuifungua

Tangi liwe limesuuzwa, koki imefungwa, fyuzi mfukoni mwako. Weka beseni chini, legeza klipu, chomoa mipira. Toa skrubu ndefu za mbele na upange vipande mezani kwa mfuatano ulivyovitoa. Piga picha kwa simu.

Kwenye visu utakuta mkosaji: nywele, uzi wa meno, kitambaa cha kupangusia watoto, wakati mwingine nyuzi za makumbi zilizotoka kwenye ndoo ya kusugulia sitaha. Ondoa kwa koleo. Kagua mapezi ya impela. Likiwa moja limepasuka shinani, badilisha impela yote, na kama kipande kimepotea kitafute, kimejificha kwenye mpira wa kutolea.

Gasketi, ile karatasi ya kuziba kati ya vipande, usiirudishe ya zamani. Unene wake ndio unaoweka nafasi kati ya impela na bamba, kwa hivyo ukikata ya kujitengenezea kwa karatasi nene, pampu itavuta kwa unyonge. Ikiwa nyembamba mno, impela itabanwa. Impela ipakwe gliserini au sabuni ya vyombo, si grisi ya magari, kwani mafuta ya petroli hula mipira mingi. Nyaya zirudi zilivyokuwa: ukizigeuza mota itazunguka kinyume.

Jaribu na maji safi tangini kabla ya kufunga mbao za sakafu. Kaa hapo kwa dakika chache ukipitisha kidole chini ya kila kiungo.

Kuitunza

Kila ukimaliza kutoa, tia maji safi, toa tena. Mkojo ukikutana na maji ya bahari hufanya ukoga mgumu kama chokaa unaobana mpira kidogo kidogo. Siki nyeupe iliyolala usiku kucha kwenye mipira inausaidia kulegea, ukifanya kila mwezi. Koki zifungwe na kufunguliwa mara kwa mara hata kama huna safari, zisigande. Na chooni isiingie kitu ambacho hakikupitia tumboni, isipokuwa karatasi laini ya choo.

Kuhusu pa kumwaga. MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia meli zisichafue bahari, kiambatisho cha nne, inataka maji taka yaliyosagwa na kuuliwa vijidudu yatolewe zaidi ya maili 3 za bahari kutoka nchi kavu, na yasiyosagwa zaidi ya maili 12, chombo kikiwa kinakwenda kwa mwendo usiopungua noti 4, yaani maili 4 za bahari kwa saa. Imeandikiwa meli za tani 400 na zaidi au zinazobeba zaidi ya watu 15, lakini mimi naishika kwenye yoti yoyote. Kusaga peke yake si kusafisha. Tudor na Mtwapa ni mikono ya bahari: unachomwaga maji yakijaa hupanda nacho mpaka kwenye mikoko, penye wavuvi wa kamba na watoto wanaoogelea. Nje ya Nyali na Bamburi kuna hifadhi ya bahari tangu 1986. Vuka mwamba, nenda mbali, ndipo ubonyeze swichi.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Kilifi: Fundi, yangu huungua fyuzi tangi likijaa tu. Likiwa nusu inafanya kazi vizuri. Ni mota?

Jibu: Kaka, tangi likijaa na kukaa, tope zito hutuama chini karibu na mdomo wa kuvutia. Ongeza maji, acha chombo kichezeshwe na mawimbi kwa muda, ndipo utoe. Ikiungua bado, fungua uangalie visu.

Mwanachama wa Likoni: Mimi ni ya mkono. Mpini umekuwa mgumu na maji machafu yanarudi bakulini usiku.

Jibu: Hayo ni mambo mawili, mzee wangu. Maji kurudi ni ile valvu ya mpira yenye mdomo kama wa bata. Imechoka au imeshikwa na ukoga, ibadilishe kila mwaka, bei yake si kubwa. Mpini kuwa mgumu ni mpira kuziba. Suuza, uchomoe, uupeleke gatini uupige sakafuni. Ukoga utatoka vipande vipande kama maganda ya mayai.

Mwanachama wa Nyali: Pampu haina neno ila chumbani kunanuka, na sioni tone lolote.

Jibu: Dada, lowesha kitambaa safi kwa maji moto, kizungushe kwenye mpira, kikipoa kinuse. Kikinuka, harufu inapenya kwenye mpira wenyewe. Hakuna dawa ya kupaka, badilisha kwa mpira uliotengenezwa kwa maji taka.

Mwanachama wa Kilifi tena: Asante, ilikuwa tope. Je, naweza kutia jiki na asidi ya kusafishia vigae kwa pamoja ili niumalize ukoga?

Jibu: Usithubutu. Viwili hivyo vikikutana hutoa gesi ya klorini, na chumba cha choo cha yoti ni kidogo. Tumia siki peke yake. Jiki nayo, hata ikiwa peke yake, hukausha impela na valvu.

Mwanachama wa Mtwapa: Na sisi tunaolala kwenye chombo wiki nzima bila kusafiri nje baharini?

Jibu: Tumieni vyoo vya nchi kavu mchana, tangi mliwekee usiku. Likikaribia kujaa, agizeni gari la kunyonya maji taka lije gatini, linavuta kupitia kifuniko cha sitahani. Liagizwe maji yakiwa yamejaa, sitaha iwe juu karibu na gati na mpira wao ufike. Na bomba la pumzi lichunguzwe siku hiyo hiyo kabla gari halijawasha. Likiwa limeziba na kifuniko kimebanwa barabara na mpira wao, kuta za tangi zinaweza kunyonywa ndani.