Mtaishi wapi mkingoja nyumba yenu ijengwe? Tulivyopanga sisi, Utawala hadi Ruai

Wale mko na ploti na mnataka kuanza kuchora nyumba, kwanza kaeni chini mkubaliane mtaishi wapi hiyo miezi yote, manake watu wengi wanahesabu tu miezi ya mafundi, wanasahau kuna miezi ya makaratasi kabla hata mtaro wa msingi haujachimbwa. Sisi tulijenga Ruai, Nairobi, tukikodi mtaa wa Utawala, na tulisema mwaka mmoja. Ikawa mwaka na miezi saba, na minane kati ya hiyo ilikuwa ni kuchora, kurudisha mchoro, kupima udongo na kungoja.

Kwa hivyo mkitafuta nyumba ya kukodi msimwambie landilodi ni ya miezi sita. Andikeni kila hatua na muda wake: sachi ya hati, yaani kuhakiki ploti ni ya nani (ikiwa Nairobi mnaifanyia Ardhisasa, mtandao wa serikali wa rekodi za ardhi), saveya aje awaonyeshe bikoni, yaani alama za mipaka, udongo upimwe, michoro ya akitekti na ya injinia, kaunti ipitishe, halafu mradi usajiliwe NCA, ile mamlaka ya kitaifa ya ujenzi. Hizi nyingi zinangojana, moja ikikwama zingine zinakaa. Na angalieni mko kaunti gani, Ruai na Kamulu ni Nairobi lakini mkisonga mbele kidogo Joska mko Machakos, Kitengela ni Kajiado, Juja ni Kiambu, na makaratasi yanaenda huko huko.

Halafu kuna mvua. Kwetu Ruai ni ule udongo mweusi unaonata kwa gambuti mpaka mguu unatoka kiatu kinabaki. Ukilowa unafura, ukikauka unapasuka, inabidi uchimbwe utolewe mpaka mfikie ardhi ngumu, na hiyo si kazi ya Aprili. Mvua ndefu ni Machi hadi Mei, fupi ni Oktoba hadi Disemba, kwa hivyo kibali kikitoka Machi wekeni kwa bajeti kodi ya mpaka Juni bila kuona ukuta wowote.

Mahali pa kukaa, ushauri wangu ni msogee karibu na ploti na mpunguze nyumba. Tulikuwa Lang'ata tunalipa 45,000, tukahamia Utawala ya 28,000, vyumba viwili. Hiyo 17,000 iliyobaki tulikuwa tunaituma akaunti ya ujenzi siku ile ile mshahara unaingia, kabla haijaonekana, na kwa miezi 19 ikawa 323,000. Na jioni nikitoka kazini nilikuwa napitia saiti, haikuwa lazima ningoje Jumamosi nivuke mji mzima.

Lakini kama mtoto yuko gredi ya 6 au ya 9, ana mtihani wa kitaifa, tafadhali msimhamishe katikati ya mwaka. Ngojeni Januari.

Kukaa kwa wazazi au wakwe kunaokoa pesa nyingi, sikatai, ila mseme mapema mtakaa mpaka lini na chakula na tokeni za stima mtachangia vipi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na nyinyi mnaenda kukaa mwaka! Nyumba ya mabati kwenye ploti ijengeni mapema, mtaihitaji kwa simiti na mlinzi, lakini kulala na watoto wadogo huko kabla choo na maji havijakuwa tayari, hapana.

Kabla ya kulipa depositi fungueni bomba, ulizeni jirani (si mwenye nyumba) maji yanakuja siku gani, angalieni mita ya stima ni yenu peke yenu, mulikeni nyufa za ukuta na tochi mtafute kunguni. Na muandikiane. Sisi hatukuandika, mwezi wa sita landilodi akataka kupandisha kodi na hatukuwa na karatasi ya kumwonyesha, iliniuma sana.

Sasa hii sehemu ndiyo naipenda zaidi. Hiyo nyumba ndogo ya kodi itumieni kupima ile kubwa mnayojenga. Jioni moja tulisukuma viti, tukachukua chaki na futi ya kupimia, tukachora jikoni ya kwenye mchoro hapo chini sebuleni, mita 2.4 kwa 3. Mama watoto akasimama penye sinki, mimi nikajifanya nafungua friji, mgongo ukampiga kiwiko. Akasema rudia. Nikarudia, tukagongana tena. Kesho yake tukampigia akitekti akaipanua ikawa 3 kwa 3.6, na wakati huo ilikuwa ni kusogeza tu mistari, hakuna jiwe la kubomoa.

Mama yangu naye tulikuwa naye hapo Utawala, ghorofa ya tatu. Nilikuwa namwona anavyopumzika kila kona ya ngazi, mkono kwenye chuma, anajifanya anaangalia nje. Mchoro ulikuwa umemweka juu. Tukamshusha, chumba chake kiko chini karibu na choo, na mlango wa choo ni sentimita 90. Tungebaki Lang'ata, ambako tulikuwa chini, hilo nisingelijua.

Fanicha mpya msinunue. Nguo na vyombo vya wageni tulitia kwenye masanduku ya chuma ya Kamukunji, panya hapiti.

Notisi ya kuhama msitoe kwa sababu fundi amewaambia wiki mbili. Ngojeni stima iwake, choo kipitishe maji, milango ifunge, kisha mbebe magodoro mkalale huko usiku mmoja tu mkiwa bado mna nyumba ya kodi. Sisi usiku ule ndio tulisikia tangi linadondosha maji juu ya dari ya watoto.