Ukihamia Kariakoo, ujue kwanza uko mtaa gani

Nilipopanga chumba Mtaa wa Sikukuu, niliandika hivyohivyo kwenye fomu ya kufungulia akaunti. Nikarudishwa. "Dada, hiyo ni barabara. Serikali yako ya mtaa ni ipi?" Sikuwa na jibu.

Kariakoo neno mtaa lina maana mbili. Sikukuu, Swahili, Congo na Mkunguni ni njia za kupita. Mtaa wa fomu ni eneo zima lenye mwenyekiti, mtendaji na ofisi yake, kama Kariakoo Mashariki. Usimuulize bodaboda, atakutajia njia. Muulize mwenye nyumba, au jirani aliyepiga kura ya serikali za mitaa Novemba 2024. Huyo anakumbuka alipanga foleni wapi.

Juu ya mtaa kuna kata, yenye diwani. Ukivuka viwanja vya Mnazi Mmoja kuelekea mjini umeingia kata ya Mchafukoge. Ukiteremka bonde la Msimbazi uko Jangwani, ambako mvua ikikaza Barabara ya Morogoro hufungwa, basi siku hiyo usipange miadi Magomeni.

Panapochanganya watu zaidi ni juu ya kata. Hadi Februari 2021 tulikuwa Manispaa ya Ilala. Tangu hapo halmashauri yetu ndiyo Jiji la Dar es Salaam. Wilaya imebaki Ilala. Kwa hiyo jaza: Mkoa Dar es Salaam, Wilaya Ilala, Halmashauri ya Jiji, Kata Kariakoo, kisha mtaa wako. Mwenzako wa Kinondoni naye anaishi Dar, lakini halmashauri yake ni nyingine. Wa Chanika, mbali kule baada ya Pugu, meya wake ni huyohuyo wako.

Sasa barua ya utambulisho, ile ya ofisi ya mtaa ya kuonyesha kwamba unaishi hapo. Jitambulishe kwanza kwa mjumbe wa shina. Kisheria huyo ni mtu wa chama, si wa serikali, ila ofisi nyingi za mtaa bado zitakuuliza kama anakufahamu. Nenda asubuhi, na picha ndogo mbili na kitambulisho chochote ulicho nacho. Mtendaji akishagonga muhuri, usiikunje barua hapohapo. Tazama: nusu ya muhuri iwe juu ya picha, nusu juu ya karatasi, na jina la mtaa lisomeke. Wangu ulikuwa umegongwa pembeni, picha haikuguswa kabisa, nikarudishwa mara ya pili. Ukiona hivyo, mwombe augonge upya kabla hujatoka mlangoni.