Jinsi ya kumpima kijana wa sekondari kabla hajavaa jezi ya Iowa

Kama umezoea usajili wa Simba na Yanga, sahau habari za ada ya uhamisho. Katika futiboli ya Kimarekani chuo humwania kijana akiwa bado sekondari, humpa ofa ya kusomeshwa, naye huamua mwenyewe aende wapi. Mimi ni shabiki wa Iowa Hawkeyes, timu ya Chuo Kikuu cha Iowa kilichoko Iowa City, Marekani, na kila mwaka huwapitia vijana wanaotarajiwa huko mmoja mmoja. Kanuni yangu ngumu ni moja tu: nyota alizopewa na tovuti za usajili, yaani alama za ubora zinazofika hadi tano, naziangalia karibu na mwisho. Ukianza nazo, macho yataona ulichokwisha kuambiwa.

Hatua ya 1: Hesabu mapengo

Fungua orodha ya kikosi kwenye tovuti ya chuo uone nani anamaliza mwaka huu na katika nafasi ipi. Tangu 2025, vyuo vilivyokubali kuwalipa wachezaji moja kwa moja, Iowa ikiwemo, vina kikomo cha wachezaji 105. Kijana mzuri anayeingia kwenye nafasi iliyojaa anaweza kusota benchi miaka miwili, kisha akahama. Usikae sana hapa.

Hatua ya 2: Tazama mechi nzima

Karibu kila kijana ana video kwenye Hudl, kampuni ya video za michezo iliyoanzia Lincoln, Nebraska, mwaka 2006. Tatizo ni kwamba ile video ya vipande bora amechagua mwenyewe. Humo hakuna siku aliyopitwa. Itazame mara moja ujue namba ya jezi na umbo lake, halafu tafuta mechi nzima, ikiwezekana ile ambayo timu yake ilichapwa.

Zima sauti. Usifuate mpira, mfuate yeye.

Tuanze na wale wazito wa mstari wa mbele wanaomlinda kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, maana Iowa ya Kirk Ferentz, kocha mkuu tangu 1999, imesimama juu ya mabega yao. Simamisha video pale mpira unapoanza kuchezwa, kisha isogeze kidogokidogo. Hatua yake ya kwanza ni fupi na ya haraka, au anainuka wima kwanza? Akiinuka, hata mlinzi mwepesi atamwingia kifuani na kumrudisha nyuma. Mikono inatua wapi? Tunataka itue kifuani mwa mpinzani. Ikizunguka mabegani kama anakumbatia, sekondari refa anaweza kumwachia, lakini chuoni ni adhabu ya yadi 10. Tena angalia anapojishusha: anakunja nyonga na magoti, au anainamisha mgongo tu?

Halafu subiri. Mpira ukishahamia upande wa pili wa uwanja, je, anatembea, au bado anakimbia kutafuta mtu wa kumzuia? Hili ndilo ninaloandika kwa herufi kubwa. Kijana wa pauni 290 anaweza kumlaza chali mwenye pauni 180 na jukwaa zima likalipuka, lakini huo ni uzito tu, na chuoni atakutana na wenye uzito kama wake. Mimi natazama miguu.

Kwa kwotabeki, ruka zile pasi ndefu za kupendeza. Tafuta alipobanwa. Macho yanabaki mbele, au yanashuka kumtazama anayemjia? Umewahi kumwona akimwacha mpokeaji wa kwanza na kumtafuta wa pili? Katika mechi nzima ukikuta mara tatu za namna hiyo, huyo ni wa kufuatilia.

Hatua ya 3: Mwone kwenye michezo mingine

Mashabiki wengi hawafiki hapa, na hapa ndipo penye utamu. Tristan Wirfs wa Mount Vernon, Iowa, alikuwa bingwa wa jimbo wa mieleka ya uzito wa juu, tena bingwa wa tufe na kisahani. Mwaka 2020 Tampa Bay, timu ya NFL, ligi kuu ya kulipwa, walimchukua akiwa chaguo la 13 katika zoezi la kila mwaka ambapo timu huchagua wachezaji wa vyuo kwa zamu. Mieleka inakuonyesha mtu mzito anavyojua kushuka chini bila kupoteza mizani, na tufe linakuonyesha nguvu inavyotoka mguuni hadi kiganjani. Matokeo hayo ni ya wazi na hayana uhariri.

Kwa wenye mbio, tafuta muda wa mita 100 uliopimwa kwa mtambo. Saa ya mkono humpendelea mkimbiaji kwa takriban sekunde 0.24. Muda wa yadi 40 ambao kijana ameuandika mwenyewe kwenye ukurasa wake, uache hukohuko.

Hatua ya 4: Uliza nani alikuwa mbele yake

Shule za Iowa zimepangwa kwa ukubwa kuanzia 5A, zilizo kubwa zaidi, hadi A, na chini yake kuna zinazocheza watu 8 kwa 8. Takwimu za kutisha dhidi ya wapinzani dhaifu zipunguze, ila usimdharau kijana kwa udogo wa shule. Cooper DeJean anatoka Odebolt, mji mdogo kabisa. Alikuwa kwotabeki, na bado alicheza kikapu, besiboli na riadha. Iowa wakamfanya beki wa nyuma, Eagles wa NFL wakamchagua raundi ya pili 2024, na Februari 2025 kwenye Super Bowl, fainali ya ligi hiyo, alinasa pasi ya kwotabeki wa wapinzani, Patrick Mahomes, na kukimbia nayo hadi kufunga. Ukitazama video ya kwotabeki kama huyo, pasi zake zisikushughulishe sana. Angalia anavyobadili mwelekeo akiwa kasi ya juu.

Hatua ya 5: Mwili

Urefu uliotangazwa na shule punguza inchi moja hadi apimwe kambini. Tazama urefu wa mikono na upana wa mabega: ana nafasi ya kuongeza pauni 40, au ameshakomaa? Angalia na umri pia, kwani kijana wa miaka 19 akicheza na wa 17 ana faida ambayo chuoni haitakuwepo.

Hatua ya 6: Ofa

Kuna ofa za kutangaza na kuna ofa ambazo kijana akisema ndiyo leo, kocha anampokea. Nazipa uzito zaidi zile zinazokuja baada ya kambi za Juni, makocha wakiwa wamemwona kwa macho yao. Hata hivyo, Desmond King wa Detroit hakugombaniwa na vigogo, na mwaka 2015, akiwa Iowa, alitwaa tuzo ya Jim Thorpe ya beki bora wa nyuma nchini.

Hatua ya 7: Sasa nyota

Ingia 247Sports, mojawapo ya tovuti hizo za usajili. Nyota tano hupewa vijana kama 32 tu kwa mwaka, kwa kufuata idadi ya chaguo za raundi ya kwanza ya NFL. Kwa kundi, nyota zinasema kweli. Kwa mtu mmoja zinayumba: Travis Hunter aliyeongoza orodha ya 2022 alishinda Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, 2024, lakini Josh Allen, kwotabeki nyota wa NFL, hakuwa gumzo kabisa sekondari na alipitia chuo cha miaka miwili kabla ya Chuo Kikuu cha Wyoming. Nyota zikipishana sana na daftari langu, narudi kwenye video. Nisipoona kitu kipya, nabaki na langu.

Usimtumie kijana ujumbe, wa kumsifu wala wa kumlaumu. Ana miaka 17, na kanuni za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, zinawakataza wafadhili wa timu kumshawishi.

Hatua ya 8: Andika na uweke tarehe

Mistari mitatu inatosha. Mfano: “Mzito wa mstari, kushoto. Miguu myepesi, mikono inatua nje, anamaliza kila mchezo. Asitegemewe kabla ya mwaka wa tatu.” Andika kabla ya Jumatano ya kwanza ya Desemba, siku usajili wa mapema unapofunguliwa, maana baada ya hapo kila kijana husifiwa. Wazito wa mstari wasome tena baada ya misimu mitatu. Wapokeaji na mabeki wa nyuma, miwili.